Riwaya ya Tanga ya mwaka 2045: siku mita itakapokataa namba zako. Karibuni tuijadili

#1 Mleta uzi

Wagosi na wakuu wote, heshima kwenu.

Naandika riwaya na nimefika katikati. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, ya wakati ujao ambao wengi wetu humu tutauona tukijaaliwa: Tanga, mwaka 2045. Dunia yake ni mbaya. Ndani yake mna safari, mna kukimbizwa, mna mapango na mto. Kila ninayemsimulia huniuliza maroboti yako wapi na wageni wa sayari nyingine wanashuka sura ya ngapi. Hawamo. Kinachotisha katika kitabu hiki kipo ukutani kwako sasa hivi, na nataka niwaeleze kwa nini naona kinatosha.

Nianze na jambo la kweli kabisa. Mnakumbuka mwaka 2024 tulivyotakiwa kuhuisha mita za LUKU, hizi za umeme wa kulipia kabla? Ukinunua umeme ulikuwa unapewa mafungu matatu ya namba badala ya moja. Unaingiza mawili ya mwanzo, ndipo unaingiza la umeme wako. Wengi tulibonyeza, mita ikakubali, tukarudi kwenye shughuli zetu. Mimi iliyonishika ni sababu yake. Ndani ya zile tarakimu 20 kumefichwa kiasi cha umeme ulionunua, na kumefichwa pia muda, yaani idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo inabeba dakika 16,777,216 na haiongezeki. Ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa mita za mfumo huo popote zilipo duniani. Mita ambayo haikuhuishwa haikuungua wala haikuzimika siku ile. Ilibaki na umeme uliokuwamo, ila kila namba mpya uliyoiletea ikawa inaikataa.

Mita zilizohuishwa sasa zinahesabu kuanzia tarehe 1 Januari 2014. Chukua dakika zile zile uzianzishe hapo: zitajaa tena tarehe 24 Novemba 2045. Riwaya yangu inaanza wiki sita kabla ya siku hiyo.

Katika Tanga ya kitabuni, namba za tarakimu 20 zimetoka kwenye umeme zikaingia kwenye maji, zikatoka kwenye maji zikaingia kwenye dawa, na mwisho zikafika kwenye geti la stendi ya Kange. Bila namba huondoki mjini. Anayezitoa ni chombo kimoja cha kubuni ambacho watu wanakiita Kipimo. Kipimo hakina askari wengi, hakipigi mtu, hakichomi nyumba. Ukishamkera mkubwa fulani, siku moja unaomba namba kama ulivyoomba jana, na hujibiwi. Hupati barua ya kukufukuza wala kesi ya kukatia rufaa. Uniti zilizomo kwenye mita yako zinaendelea kushuka. Jirani anaziona zikishuka, na anajua kwamba akikusaidia ndoo moja ya maji, mita yake itaonyesha ametumia kuliko kawaida, naye ataanza kuulizwa. Uonevu wa zamani ulilazimika kuja mlangoni kwako na rungu, ukauona uso wake, ukajua wa kumlaani. Huu unanyamaza tu.

Nimehangaika sana na swali moja: ilikuwaje watu wakakubali? Sikutaka bomu wala mapinduzi ya usiku mmoja. Kipimo kilikuja kwa hodi, kimebeba msaada. Bahari ilikuwa imeshaingia visimani, na hili nalo sikulitoa hewani. Pangani maji ya chumvi yamekuwa yakipanda mtoni kwa kuwa maji baridi yanayoshuka yamepungua. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1975. Kilikuwa na miti, na kasa walikuwa wakitaga pale kwa wingi. Leo ni fungu la mchanga, maji yakitoka unaliona, yakijaa hulioni. Basi katika kitabu visima vya Kigombe na Mwarongo vinageuka chumvi, watu wanahamia mjini, mgawo wa maji unakuwa ugomvi wa mapanga, na hapo anatokea mtu mwenye utaratibu: kila nyumba kipimo chake, tajiri na maskini sawasawa. Watu walishukuru. Bibi wa shujaa wangu alikuwa wa kwanza kupanga foleni, na alikuwa na haki ya kushukuru, kwa sababu mwaka ule wajukuu wake walikunywa maji kwa ajili ya Kipimo. Nataka msomaji naye ashukuru pamoja na bibi, kwa kurasa nyingi, kabla hajaanza kuingiwa na wasiwasi.

Shujaa ni mwanamke, fundi wa mita, mkazi wa Ngamiani. Jina bado sijampa. Kazi yake imemfundisha jambo ambalo wakubwa wanalificha: ifikapo tarehe 24 Novemba kila mita itahitaji namba za kuhuisha, na Kipimo kimeamua kuitumia siku hiyo kuchuja mji. Watakaopewa namba ni wale wanaotakiwa kubaki. Wengine hawatafukuzwa na mtu, wataachwa wakauke.

Orodha kamili ya namba imo kwenye seva, na seva ziko Amani, juu Usambara Mashariki, kwa sababu zile zile zilizofanya Wajerumani wajenge kituo chao cha utafiti kule mwaka 1902: kuna baridi na kuna maji. Kwa hiyo anapanda. Safari yote inafuata Mto Zigi kuelekea juu, kutoka Amboni karibu na bahari, kupitia bwawa la Mabayani ambako maji ya mji yanachotwa, mpaka Sigi penye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani, mpaka ndani ya msitu. Maisha yake yote amefunga mita upande wa bomba unakoishia. Sasa anakwenda kuona linakoanzia.

Nipigeni maswali. Mkiona mahali nimedanganya kuhusu mji huu, semeni bila kunionea haya.

#2 Mdau wa Sahare

Hongera mkuu, wazo lina nguvu. Ila niseme ukweli wangu. Hadithi za wakati ujao mimi nazipenda zikiwa na mashine kubwa, vyombo vya anga, mapigano. Mita ya LUKU kweli? Halafu hizi hadithi za kisayansi naona ni mambo ya wenzetu wa Marekani na Japani. Msomaji wa hapa anataka mapenzi, uchawi na siasa.

#3 Mleta uzi

Mashine zimo, mkuu. Ndege zisizo na rubani zinamwandama fundi kuanzia sura ya nne. Lakini ndege ukiiona unaweza kukimbia, ukajificha mikokoni. Mita haikimbiwi, unaishi nayo ndani.

Kuhusu hadithi hizi kuwa za wengine, nakuomba uende Machui, hapo hapo kusini ya mji. Shaaban Robert alizaliwa upande ule, Vibambani, mwaka 1909. Kusadikika alikitoa mwaka 1951, na Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Wajumbe wanatumwa pande zote, mmoja mpaka mbinguni, mwingine mpaka ardhini, wakatafute mambo mema ya kuiga. Wakirudi na maarifa wanatiwa gerezani. Kuna safari za hatari, kuna nchi isiyokuwapo, kuna serikali inayoadhibu ujuzi. Mtu wa Tanga aliliandika hilo wakati tuko chini ya Waingereza. Mimi sianzishi kitu kipya, nachukua zamu.

#4 Fundi umeme, Makorora

Nimefunga mita miaka mingi, naomba niseme ya ufundi.

Ulivyoeleza ndivyo. Mita hizi za kawaida za kubonyeza hazina mawasiliano na ofisi. Ina ufunguo wake ndani. Unaileta namba, inaifungua, inajua kama ni yake au si yake, na inakumbuka zilizokwisha kutumika ili usiingize namba moja mara mbili. Haijui jina lako. Haijui kama umefariki. Kwa hiyo umepatia uliposema hawakuzimii, wanakunyima namba basi.

Sasa angalia hapa, maana waandishi wengi wangeteleza. Kila mita ina ufunguo wake peke yake. Namba za mita yangu hazifungui ya jirani. Ukiandika kwamba shujaa ameiba namba moja ya siri, akaitangaza redioni, mji mzima ukawaka, fundi yeyote atakifunga kitabu hapo hapo.

Jambo jingine ni hali ya wenye nacho. Anayeweza kununua uniti nyingi mapema atakaa na mwanga wiki nyingi baada ya tarehe 24. Anayenunua za elfu moja moja ataisha kesho yake. Giza lako lisiingie mji mzima kwa usiku mmoja. Liingie kwa kufuata mifuko ya watu.

#5 Mleta uzi

Fundi, umeigusa nguzo ya nusu ya pili ya kitabu. Kwa kuwa namba moja ya kufungua wote haipo, hakuna ushindi wa kubonyeza kitufe. Fundi wangu anashuka kutoka Amani na karatasi. Simu zinapekuliwa, kila chenye betri kinajitangaza chenyewe kikipita getini, basi amechapa. Ni maelfu kwa maelfu ya mafungu ya namba, kila fungu na nyumba yake, na yote yafike mlangoni kabla ya saa sita za usiku wa tarehe ile.

Niambieni, ni mji gani nchi hii unaoweza kulifanya hilo kama si huu? Barabara za Ngamiani zina namba tangu zamani: Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu, unakwenda hivyo mpaka unavuka ya Ishirini. Orodha inajipanga yenyewe. Na tuna baiskeli. Wageni wakifika Tanga jambo la kwanza wanaloliona ni baiskeli, wazee kwa vijana, kina mama na mizigo yao nyuma. Sura ya baiskeli nimeiandika kwa furaha kuliko sura zote. Muuza kahawa amepewa Barabara ya Saba, kijana wa kupeleka mikate ana ya Nane na ya Tisa, binti anayetoka madrasa ana ya Kumi na Moja. Karatasi zimo ndani ya mpira wa tairi, chini ya siti, ndani ya mishikio. Kipimo kina ndege angani zinazosoma kila simu mjini, na chini yake mji mzima unapiga pedali.

Hilo la giza kufuata mifuko nimelipenda mno. Naliingiza, kwa idhini yako.

#6 Mdau wa Bagamoyo

Kwa nini isiwe Bagamoyo? Sisi tuna mradi wa bandari uliotiwa saini mwaka 2013 na kusimama mwaka 2019, tuna magofu ya Kaole, tuna historia ya binadamu kushushwa hapo na minyororo wapelekwe Zanzibar. Hadithi ya giza inatukaa.

#7 Mleta uzi

Inawakaa, na kitabu cha Bagamoyo ningependa ukiandike wewe uliyekulia hapo. Mimi nahitaji mji ambao maji yake yanatoka mlima wa jirani, mtu aweze kuyafuata kwa miguu siku chache. Ukilibadilisha hilo hadithi inavunjika.

#8 Mwalimu mstaafu, Muheza

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na nimewasomea walioko nyumbani. Nina mawili.

La kwanza ni mikono. Mama yangu alifanya kazi ya mkonge ujana wake wote, kuanzia shambani mpaka kwenye korona, mashine ya kuchuna majani ya mkonge yatoke nyuzi, akiilisha majani na kubeba singa zikiwa zinachuruzika maji. Mkonge ulifika nchi hii mwaka 1893, umeletwa na Hindorf kutoka Florida, na miche iliyosalimika safarini ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakazuka mashamba yaliyomeza wilaya yetu nzima na mikono ya wazazi wetu. Ilipofika Januari 2020, laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa, mama alikwenda kusajili, akaweka kidole, mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Akapangusa mkono kwenye kanga, akaweka tena. Vidole vyake havikuwa na alama. Vimelainika kama kokoto la mtoni. Kijana aliyekuwa akisajili hakuwa na ubaya wowote, alimwita bibi kwa heshima, akamwomba aje kesho. Na kesho ikawa vile vile.

Basi katika kitabu chako nataka nimwone mtu ambaye Kipimo hakikumchukia, hakina habari naye, ila hakimsomi. Hao watakuwa wengi kuliko maadui zake, na ndio watakaokauka wa kwanza.

La pili ni furaha. Umeandika kukimbia, umeandika kiu. Watu wa Tanga unaowaandika wanacheka saa ngapi? Huu ni mji wa taarabu. Black Star na Lucky Star zilitoka hapa, na Shakila alisikika nchi nzima akiimba na Black Star. Mwaka 2045 watu bado watakuwa wanaoana. Weka harusi usiku wa tarehe 23. Kwenye taarabu watu wanasimama mmoja mmoja kwenda kumtunza mwimbaji, noti imekunjwa mkononi, hakuna anayeshangaa. Karatasi za fundi wako nazo zikunjwe hivyo hivyo. Zipande jukwaani kama tuzo mbele ya macho ya wakubwa wenyewe waliokaa viti vya mbele, zishuke kwa mlango wa nyuma.

#9 Mleta uzi

Shikamoo mwalimu.

Hilo la mikono limenikalisha chini. Bibi niliyemwandika, yule wa kwanza kwenye foleni, nilikuwa nimempa maisha ya kuuza samaki Deep Sea. Nitamhamishia Muheza. Atakuwa wa mkonge. Foleni ile ya kwanza Kipimo kilimwandikisha kwa kitambulisho cha karatasi. Mwaka 2045 kinataka kidole, na kidole hakipo. Yeye ndiye aliyekisifu Kipimo kuliko mtu yeyote mtaani, na ndiye wa kwanza kutosomeka. Fundi haondoki kwenda Amani ili aokoe mji. Anaondoka kwa ajili ya bibi yake. Mji anaubeba baadaye, akishaona ukubwa wa orodha.

Harusi naichukua yote, pamoja na viti vya mbele.

#10 Mdau wa Kiomoni

Nimeona mapango yamo. Naomba kitu kimoja tu kama mtoto wa hapa: usiandike kwamba kupitia Amboni mtu anatokezea Mombasa. Kila mgeni anakuja na hadithi hiyo na ya mbwa aliyeingia huku akatokea mbali. Mapango ni ya mawe ya chokaa, makongwe mno, mazuri yalivyo bila kuongezewa. Ukitaka mtu wa kweli aliyejificha humo, Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi walisakwa na serikali ya mkoloni miaka ya 1950, na mpaka leo wazee wanawazungumza.

#11 Mleta uzi

Mkuu, hakuna anayetokezea Mombasa. Ila uvumi huo upo, kila mtu mjini anaujua, na Kipimo kinajua kwamba watu wanauamini. Fundi anaonekana akiingia pangoni jioni. Wakubwa wanajadiliana usiku kucha: kama hadithi ni ya kweli, atatokea mpakani. Wanapeleka ndege zote kaskazini, Horohoro. Yeye alilala hatua chache tu kutoka mlangoni, alfajiri akatoka, akavuka Mkulumuzi, akaushika Zigi kuelekea milimani. Uvumi wa mababu umempa siku mbili.

Osale Otango anatajwa na mzee anayemwonyesha pa kulala. Sitamgeuza kuwa mzimu wala kumpa maneno ya kusema. Kutajwa kunatosha.

#12 Mdau wa Chongoleani

Na bomba la mafuta? Huwezi kuandika Tanga ya kesho ukaliruka. Mimi ningelilipua sura ya mwisho, watu wanataka mlipuko.

#13 Mleta uzi

Siliruki. Ni bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda mpaka hapo kwenu, na 1,147 kati ya hizo ziko upande wetu. Mafuta yenyewe yana nta nyingi, lazima yatunzwe kwenye joto la nyuzi 50 hivi, la sivyo yanaganda humo humo. Picha hiyo naitumia: bomba linalopashwa moto mchana na usiku miaka yote, likipita karibu na nyumba ambazo uniti zake zimeisha na wenyewe wanakula viporo vya baridi. Wahandisi wake wanapata namba bila kuomba.

Kulilipua hapana, kaka. Mafuta yakimwagika Chongoleani yanaangukia kwenye mikoko, kwenye matumbawe, kwenye dagaa wa watu wale wale ninaotaka wapone. Pale nje ndipo ilipo hifadhi ya silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani alishatoweka duniani zamani za kale mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa kwetu wamekuwa wakimvua kwa bahati mbaya kwenye majarife ya maji marefu. Fundi anapewa nafasi ya kulipua, kuna kijana anamshawishi kwa hoja nzuri sana. Anakataa, na kukataa kwake kunamgharimu rafiki.

#14 Mdau wa Pangani

Maziwe umeisema vizuri, shukrani. Marehemu baba alikuwa akitusimulia mivinje ya pale, jinsi walivyokuwa wakiegesha ngalawa kivulini wakipika. Sisi watoto wake tumeikuta mchanga mtupu. Kwa hiyo mtu akiniambia habari za kisiwa kuzama mwaka 2045 mimi simwoni mbunifu, namwona kachelewa.

Swali langu. Hiyo orodha aliyoshuka nayo ina nyumba zote za mji, siyo? Basi zimo na za wakubwa wa Kipimo, na za wapambe, na za yule jirani aliyeogopa kutoa ndoo ya maji. Wao walishapata namba zao mapema, lakini tuseme seva ya Amani inaharibika na namba za mapema hazifanyi kazi tena. Fundi atawapelekea?

#15 Mleta uzi

Swali hili nimelala nalo muda mrefu, na hali unayoisema ndiyo niliyoiandika: kutoa orodha kwenye seva kunabatilisha kila namba iliyotolewa kabla. Usiku ule wa tarehe 24 watesi na walioteswa wote wako sawa, uniti zao zinashuka, na karatasi pekee zilizobaki ziko kwenye matairi ya baiskeli za Tanga.

Nimeandika kwamba anawapelekea wote. Ile nyumba ya Raskazone yenye ukuta mrefu inapata karatasi yake, na anayeipeleka ni yeye mwenyewe, kwa sababu vijana wamekataa. Kitabu kizima nimekuwa nikimkasirikia mtu anayekaa na orodha mkononi akichagua nani anywe. Siwezi kumpa shujaa wangu orodha ile ile halafu nimpigie makofi akichagua.

#16 Fundi umeme, Makorora

Kuna sababu ya kiufundi pia, inaweza kukufaa. Orodha ya namba za kuhuisha inapangwa kwa namba ya mita na nyumba ilipo. Majina hayamo. Ili afiche karatasi za wakubwa, itabidi kwanza akae chini atengeneze orodha nyingine, ya nani anaishi wapi na ni mtu wa namna gani. Wiki sita zote hakuhitaji daftari kama hilo. Usiku huo ndipo angelianza.

#17 Mwalimu mstaafu, Muheza

Fundi, umeimaliza.

#18 Mdau wa Pangani

Kwa mwalimu imekwisha, kwangu bado. Nawaheshimu nyote, lakini aliyekaa na kiu si sawa na aliyesoma habari za kiu. Watu wanakauka kwenye kitabu hiki, mkuu, umeandika mwenyewe kwamba wataachwa wakauke. Unawaletea waliofanya hivyo karatasi mpaka mlangoni, tena kwa mkono wa mjukuu wa bibi asiyesomeka? Wape ya maji tu, kama ni lazima. Ya umeme waipange foleni kama tulivyoipanga sisi, wakae juani, waombe, wasijibiwe hata siku tatu. Baada ya hapo wapewe.

#19 Mleta uzi

Kaka, siku tatu zako nimeziandika kwenye daftari kama ulivyozisema.

Mle ndani kuna nahodha wa mashua kutoka Pangani, ndiye anayewavusha wahamaji wa Kigombe sura ya pili, na mpaka leo hakuwa na la kusema baada ya hapo. Nitampeleka Raskazone usiku ule, asimame getini mbele ya fundi, aseme haya ya kwako neno kwa neno. Fundi atamjibu, lakini sitamwandikia jibu la kumnyamazisha. Nahodha ataondoka bado hajakubali. Sura hiyo nikiimaliza nitaileta humu kabla ya nyingine zote, na ninaomba wewe uwe wa kwanza kuisoma.

Wadau wa Sigi na Kwamkoro, nahitaji msaada wenu: mwezi wa Novemba, vuli ikiwa imeshaanza, mtu anayepanda kwa miguu usiku kutoka Sigi mpaka Amani bila tochi anatumia saa ngapi, na vijito gani vinaweza kumzuia?